Jinsi ya kuandaa "Leo Katika Historia" ya siku moja bila kuumbuka (mfano wetu ni 7 Julai)

Kila wiki lazima mtu aniulize hili. Mwalimu kapangiwa zamu, anataka kitu cha kuwasomea watoto mstarini asubuhi. Kijana wa redio ya jamii kapewa dakika mbili kabla ya taarifa ya habari. Dada mmoja anataka kumwandikia mumewe kadi ya "siku uliyozaliwa wewe dunia ilikuwa inafanya nini". Swali lao ni lilelile, unazitoa wapi hizo stori na unajuaje kama ni za kweli? Mimi nina ubao wa chaki nje ya kibanda changu cha stesheni, kila asubuhi naandika matukio ya siku hiyo, watu wanasoma wakisubiri fotokopi, na nimeshaumbuka pale mbele za watu mara nyingi kiasi cha kutosha, kwa hiyo nimeamua niweke kila kitu hapa, ukiniuliza tena nakuelekeza huku.

Tutafanya siku moja tu mwanzo mpaka mwisho, tarehe 7 Julai, Saba Saba. Nimeichagua kwa sababu kila mtu anadhani anaijua halafu humohumo ndimo kuna mitego karibu yote. Ukiiweza hii, siku nyingine zote utazimudu.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Daftari. Ukurasa mmoja kwa siku moja, basi. Ukiandika kwenye simu utapoteza, niamini.
- Vyanzo viwili au vitatu ambavyo havijanakiliana. Hapa ndipo wengi wanapofeli, unakuta mtu anasema "nimeiona sehemu tano", kumbe zote tano zimekopi kwa mmoja mpaka kosa la herufi limefanana. Ensaiklopidia moja, gazeti la wakati ule kama linapatikana, na kitabu au tovuti ya taasisi yenyewe inayohusika, hapo umetosha.
- Kalenda ya simu inayorudi nyuma miaka mingi. Jaribu ya kwako kama inafika 1954.
- Saa ya dunia, hiyohiyo ya kwenye simu.
- Mzee mmoja wa kumsomea kabla hujatoa hadharani. Mimi wangu anakuja kunywa kahawa jirani na ni mkali kama pilipili mbuzi.
- Bando la kawaida na saa moja na nusu ya utulivu. Usianze saa 5 usiku kwa ajili ya kesho asubuhi, ndiyo chanzo cha aibu zote.

Hatua ya 1: Andika tarehe kwa maneno

Usiandike 4/7. Andika "7 Aprili" au "4 Julai", unayoikusudia. Wamarekani wanatanguliza mwezi, sisi tunatanguliza siku, na nusu ya vitu utakavyovikuta mtandaoni vimeandikwa kwa mtindo wao. Mzee Karume aliuawa 7 Aprili 1972, Mmarekani akiandika 4/7/1972 wewe unasoma mwezi wa saba, unamhamishia msiba miezi mitatu mbele. Saba Saba ina bahati, 7/7 ni 7/7 kwa kila mtu, ila usizoee.

Hatua ya 2: Zoa kwanza, utachuja baadaye

Hapa usiwe na akili nyingi. Kila unachokiona chenye 7 Julai kiandike: mwaka, tukio, mahali, na alama ndogo ya umekitoa wapi. Daftari langu la siku hiyo lilikuwa hivi, nimelifupisha:

1456, hukumu ya Joan of Arc inafutwa Ufaransa, miaka 25 baada ya kumchoma moto
1860, anazaliwa Gustav Mahler, mtunzi wa muziki
1880, anazaliwa Otto Rohwedder, wa mashine ya kukata mikate
1887, anazaliwa Marc Chagall, mchoraji (hapa weka alama ya kuuliza, tutarudi)
1928, mkate uliokatwa slaisi unauzwa kwa mara ya kwanza, Chillicothe, Missouri
1930, anafariki Arthur Conan Doyle, aliyemtunga Sherlock Holmes
1937, mapigano ya Daraja la Marco Polo karibu na Beijing, vita ya China na Japani inawaka
1940, anazaliwa Ringo Starr wa Beatles, Liverpool
1954, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, inazaliwa Dar es Salaam
1974, Ujerumani Magharibi inaifunga Uholanzi 2-1, fainali ya Kombe la Dunia, Munich
1978, Visiwa vya Solomon vinapata uhuru
1981, anazaliwa MS Dhoni, yule nahodha wa kriketi wa India
1985, Boris Becker anachukua Wimbledon, ile ya tenisi, akiwa na miaka 17
1990, Saba Saba ya Kenya, uwanja wa Kamukunji, Nairobi
2005, mabomu ya London, watu 52 wanauawa
2021, Rais Jovenel Moïse wa Haiti anauawa nyumbani kwake
2022, Siku ya Kiswahili Duniani inaadhimishwa kwa mara ya kwanza

Kumi na saba, na hapo nimeacha vingine. Ukizoa ukapata vitatu tu ujue hujazoa vizuri. Ukipata mia na hamsini umefungua sehemu moja ukakopi yote, rudi.

Hatua ya 3: Kila mstari uulize "kwa kalenda ya nani, kwa saa za wapi, usiku upi"

Hii ndiyo hatua yenyewe, zingine zote ni mapambo. Kaa hapa hata nusu saa.

Kalenda kwanza. Hii tunayotumia leo ilianza 1582 na si nchi zote ziliingia siku moja. Urusi waligoma mpaka 1918, ile ya zamani ikawa iko nyuma, siku 12 kwa miaka ya 1800 na siku 13 kuanzia 1900. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yanaadhimishwa mwezi Novemba, kwao ilikuwa 25 Oktoba, kwingine ilikuwa 7 Novemba, siku ileile.

Sasa mrudie Chagall. Alizaliwa kule Vitebsk, wakati huo Urusi, leo Belarusi, tarehe 24 Juni 1887 kwa kalenda ya zamani. Ongeza siku 12. Inakuja ngapi? 6 Julai. Lakini sehemu nyingi utakuta 7 Julai, mwenyewe pia alikuwa anaitaja hiyo, kwa sababu imeongezwa 13 ambayo ni hesabu ya karne iliyofuata. Mimi nilimwandika kwenye ubao kwa wino wa kujiamini kabisa, akapita kijana mmoja anasoma sanaa chuoni, akasimama, akacheka tu akaenda zake. Nikaenda kutafuta alichochekea. Kwa hiyo Chagall kwenye 7 Julai ama umtoe, ama useme "mwenyewe alisherehekea leo", hiyo ni kweli na haina ubishi.

Mambo ya kabla ya 1582 kama ya Joan of Arc yaache na tarehe yake ya zamani, ndivyo wanahistoria wanavyofanya, usianze kupiga hesabu utawachanganya watu bure.

Halafu kalenda yetu nyingine, ya mwezi. Mtu atakwambia weka Maulidi, weka Idi, mbona mwaka fulani iliangukia siku hii. Maulidi ni tarehe 12 Mfungo Sita, haina makazi kwenye kalenda ya ukutani, kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Ukiiandika kwenye ukurasa wa 7 Julai mwakani utakuwa muongo. Hizo ziwekee ukurasa wake.

Saa sasa. Mwaka 2014 Ujerumani iliipiga Brazil 7-1 kwao kulekule Belo Horizonte. Kuna mtu kila mwaka ananiletea hii niweke Saba Saba, nadhani ile saba inamchanganya. Mechi ilikuwa 8 Julai. Na kwa sisi tuliokesha vibandani, ilianza saa 5 usiku, mpaka saa 5 na nusu ilishakuwa tano bila, watu wakaanza kuondoka, kipindi cha pili kinaanza huku kwetu imeshaingia 9 Julai. Bao mbili za Schürrle na lile la Oscar la kufutia machozi, kwa saa za Afrika Mashariki ni za tarehe 9. Uandike ipi? Kanuni ni moja, tarehe ya mahali tukio lilipotokea. 8 Julai, basi. Ukitaka kuongeza "huku kwetu ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 9" ongeza, inanoga.

Mwezini ndiyo balaa, kule hakuna saa za mahali. Apollo 11 ilitua 20 Julai 1969, kwetu ilikuwa saa 5 na dakika 17 usiku, bado tarehe 20. Armstrong akakanyaga chini kwetu ikiwa saa 11 na dakika 56 alfajiri, tarehe 21. Wamarekani wanasema 20 yote mawili kwa sababu kwao ilikuwa bado usiku uleule. Hapo taja saa za wapi, umemaliza.

Na usiku. Hili halipo kwenye miongozo ya wazungu kwa hiyo lisikilize. Mtu wa pwani, hasa wazee, siku yake inaanza jua likizama. Akikwambia "ilikuwa usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa anasema ule ambao wewe wa bara unauita Alhamisi usiku. Ukiwa unakusanya historia ya mtaa wako kutoka midomoni mwa watu, ukiandika bila kuuliza umekosea siku nzima. Uliza, "kulikuchaje, asubuhi yake ilikuwa siku gani?" Ndiyo uzuri wa neno kuamkia, Mapinduzi ya Zanzibar tunasema usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 na hakuna anayepotea.

Hatua ya 4: Pima kwa siku ya wiki

Hii ni rahisi na inakamata waongo wengi. Fungua kalenda ya simu, rudi mpaka mwaka huo, angalia ilikuwa siku gani. 7 Julai 1954 ilikuwa Jumatano. 1974 Jumapili, siku ya fainali, inaingia akilini. 1985 Jumapili, fainali ya Wimbledon ya wanaume, inaingia akilini. 1990 Jumamosi. 2005 Alhamisi, watu wanaenda kazini, treni zimejaa.

Ukiletewa kitu kinasema "Jumapili ya tarehe 7 Julai 1990" ujue kuna kimoja hapo kimekosewa, siku au tarehe au mwaka, usikiguse mpaka ujue ni kipi. Simu yako kama haifiki mbali, kumbuka tarehe ileile inasogea siku moja mbele kila mwaka, na siku mbili kama katikati imepita 29 Februari. Utapiga kwa vidole.

Hatua ya 5: Waliozaliwa, hapa nenda polepole

Birthday ndiyo watu wanapenda na ndizo zenye uongo mwingi kuliko vita zote.

Kwanza, wazee wetu wengi hawana tarehe. Jomo Kenyatta mwenyewe, rais wa nchi, tarehe aliyozaliwa haijulikani, ukikuta mtu kaweka siku kamili kaitunga. Babu yangu kitambulisho kinasema 1 Julai, aliyeichagua ni karani aliyekuwa na foleni ndefu siku hiyo, babu anachojua ni kwamba alizaliwa wakati wa mvua za vuli. Kwa hiyo ukiona mtu wa zamani amezaliwa 1 Januari au 1 Julai jiulize mara mbili. Si kwamba ni uongo kila mara, Shaaban Robert tarehe yake ni 1 Januari 1909 na inatambulika, ila jiulize.

Pili, wasanii na wachezaji. Umri wa mpira mnaujua wenyewe, siongezi neno.

Tatu, ubatizo siyo kuzaliwa. Shakespeare kilichoandikwa kanisani ni ubatizo wake, 26 Aprili 1564. Hiyo 23 Aprili wanayoisherehekea ni makadirio.

Nne, kagua kama mtu bado yuko hai, na ukague asubuhi hiyohiyo unayotoa. Aliye hai "anatimiza", aliyefariki "angetimiza". Niliwahi kumtakia heri na maisha marefu mwanamuziki aliyekuwa amezikwa miaka miwili nyuma, nikafuta ubao kwa mkono wa shati.

Halafu ukipata mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa imegongana na kazi yake, huyo mshike usimwachie. Rohwedder kahangaika na mashine ya kukata mikate miaka na miaka, halafu mkate wa kwanza wa slaisi unauzwa 7 Julai 1928, siku anatimiza miaka 48. Watu wataisahau Wimbledon yako yote, hii ya mkate wataibeba mpaka nyumbani.

Hatua ya 6: Taja mahali kwa jina la wakati ule

Hapa ndipo nilipigwa na mzee wangu wa kahawa. Niliandika "1954: TANU yaanzishwa, Tanzania". Akaja na kikombe mkononi, akasoma, akaniuliza, mwanangu, Tanzania ilikuwa wapi 1954? Ilikuwa Tanganyika, chini ya Mwingereza, muungano na Zanzibar ni 1964. Hata hiyo TANU haikuota kama uyoga, ilikuwa TAA (Tanganyika African Association) ndiyo ikageuzwa, Mwalimu Nyerere alikuwa rais wake tangu mwaka uliotangulia, ndipo wakakaa Dar es Salaam siku hiyo wakaibadili kuwa chama cha siasa. Akamaliza, akaenda kumalizia kahawa yake. Mimi nikafuta herufi chache nikaandika upya.

Kwa hiyo andika "Tanganyika", mtu akitaka utamweleza ni wapi leo. Vilevile Zaire ya miaka ya 80 ni Zaire, na Ujerumani ya 1974 ni Magharibi, ile ya Mashariki ilikuwa na timu yake na kwenye makundi iliwafunga hao mabingwa 1-0.

Hatua ya 7: Tenganisha vinavyofanana jina

Kwa siku yetu hii ni lazima, kwa nyingine inategemea. Kuna Saba Saba tatu na watu wanazipika chungu kimoja.

Ya Tanzania ni ile ya TANU, 1954, na maonyesho ya biashara ya Dar yamebeba jina hilohilo.

Ya Kenya ni 1990. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano Kamukunji kudai vyama vingi, wakakamatwa siku tatu kabla, tarehe 4. Watu wakaenda hivyohivyo. Polisi wakawatawanya, vurugu zikaendelea siku kadhaa, watu wakapoteza maisha. Kile kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya Kenya kuwa ya chama kimoja kikaja kufutwa Desemba 1991. Mkenya akisikia Saba Saba hiyo ndiyo inayomjia kichwani, hafikirii maonyesho ya biashara, ukimwambia "heri ya Saba Saba" kwa furaha ya banda la juisi atakushangaa.

Ya tatu ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO waliipitisha 23 Novemba 2021, sherehe ya kwanza 7 Julai 2022. Tarehe yenyewe inaturudisha kwa TANU, kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha waliyoitumia kupigania uhuru. Kosa la kila mwaka hapa ni kusema ilianza kuadhimishwa 2021. Hapana, mwaka huo ilipitishwa tu, na Julai ilikuwa imeshapita.

Hatua ya 8: Chagua tano, panga, andika

Tano. Najua una kumi na saba na zote tamu. Hakuna anayesimama juani kusoma kumi na saba, na redioni mtangazaji atakukatia katikati.

Ninavyochagua mimi: kimoja cha nyumbani, kimoja cha jirani, kimoja cha dunia kizito, mtu mmoja aliyezaliwa, na kimoja cha kumfanya mtu atabasamu mwishoni. Angalia tu usiweke kicheko mgongoni mwa msiba, mabomu ya London halafu mstari unaofuata mkate wa slaisi, haipendezi. Weka kitu katikati yake.

Anza na "siku kama ya leo", taja mwaka, sentensi moja au mbili, ondoka. Hivi ndivyo ubao wangu ulivyokuwa:

Siku kama ya leo mwaka 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam, Tanganyika. Kwa kumbukumbu hiyo, 7 Julai leo ni Siku ya Kiswahili Duniani.
Mwaka 1990, Wakenya walikwenda Kamukunji kudai vyama vingi ingawa walioitisha mkutano walikuwa tayari wako ndani.
Mwaka 2005, mabomu yaliua watu 52 kwenye treni na basi jijini London. Siku moja tu kabla, jiji hilo lilikuwa barabarani likishangilia kupewa Olimpiki ya 2012.
Aliyezaliwa leo: Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, Liverpool, 1940.
Na mwaka 1928, mkate uliokatwa slaisi uliuzwa kwa mara ya kwanza duniani, huko Missouri, Marekani. Aliyetengeneza mashine alikuwa anatimiza miaka 48 siku hiyohiyo.

Solomon, Becker na Haiti nimewaweka akiba mwakani. Siku itarudi tu.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kwa mzee wako

Sikio linakamata kisichoonekana. Na hesabu za miaka zipige tena hapa, 1954 mpaka 2024 ni miaka 70 kamili, siyo 71. Watu wanahesabu na mwaka wa kuanzia, sijui kwa nini.

Ukikwama

Vyanzo viwili vinatofautiana siku moja. Mara nyingi ni saa za nchi au ni usiku wa manane, rudi hatua ya 3. Tofauti ikiwa 10 mpaka 13, ni kalenda ya zamani. Tofauti ikiwa mwezi mzima mtu kakosea kuandika, tafuta chanzo cha tatu. Ukishindwa kabisa acha hilo tukio, hujalazimishwa.

Tukio lilichukua siku nyingi, niweke ipi? Chagua kitendo kimoja chenye siku yake, kusaini, kutangazwa, kuapishwa, na ukitaje hichohicho. Hati za Muungano zilisainiwa 22 Aprili 1964, Muungano wenyewe ukaanza 26 Aprili, jina Tanzania likaja baadaye mwaka huohuo. Ukisema "26 Aprili 1964 Tanzania ilipata jina lake" umekosea, ukisema "Tanganyika na Zanzibar ziliungana" umepatia.

Siku yangu haina kitu cha kwetu. Ipo, hujatafuta kwa Kiswahili. Badilisha lugha ya kutafutia, jaribu "tarehe 12 Aprili Sokoine" uone. Ukikosa kweli usilazimishe, tukio la Brazil nalo ni tukio.

Mtu anabisha mbele za watu. Mwombe chanzo kwa upole, andika jina la kitabu chake, sema utaangalia. Akiwa sahihi futa mbele yake. Nimeshafuta nyingi na wateja hawajapungua, wengine nadhani wanakuja kuwinda makosa tu, na fotokopi wanatoa.

Nimepewa siku ya 29 Februari. Hongera, una kazi moja kila miaka minne. Zoa kama kawaida, ila kila mwaka unaoukuta ujaribu kugawa kwa 4. Usipogawanyika tukio ni la uongo. Na 1900 ingawa unagawanyika haukuwa na siku hiyo kwa kalenda yetu, kwa hiyo ukiletewa mtu kazaliwa 29 Februari 1900, muulize kwanza kama alizaliwa Urusi.